Vitamini C kwa mazao: huokoa mmea wenye shida, haishibishi wenye njaa

Kwenye maduka ya pembejeo, kando ya mifuko ya urea na DAP, siku hizi kuna rafu nzima ya vichupa vinavyoitwa vikuzaji au busta. Baadhi vina maji ya mwani, vingine amino asidi, na vingine vimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba vina vitamini C. Asiyemudu kichupa anaambiwa na mwenzake aende duka la dawa, anunue vidonge vile vile tulivyovigombania wakati wa korona, aviyeyushe kwenye bomba la mgongoni na kupulizia nyanya zake. Wakulima wanauliza, na wana haki ya kuuliza kwa kuwa fedha ni zao: vitamini ya binadamu itaufaa nini mmea?

Itaufaa mmea ulio kwenye shida, hasa shida ya chumvi na ukame, na hasa ukiwa ungali mbegu au mche mchanga. Mmea wenye njaa ya mbolea hautashiba kwa vitamini C. Na mmea wenye afya, uliokaa kwenye udongo mzuri na kupata maji ya kutosha, hauna sababu ya kuongezewa kitu ambacho unajitengenezea wenyewe kila siku. Hayo ndiyo niliyoyapata kwa kufuatilia kazi za watafiti wa mimea, na sababu zake zinafaa kujulikana na kila anayeshika jembe, kwa sababu ndizo zitakazomwonyesha wakati wa kutoa fedha na wakati wa kuifunga mfukoni.

Kwanza tuondoe dhana kwamba vitamini C ni mali ya binadamu. Sisi ndio tunaoiomba kwa wengine. Mbuzi hujitengenezea mwilini mwake, na mbwa vivyo hivyo. Binadamu, sokwe, simbilisi na baadhi ya popo hawawezi, kwa sababu jeni ya kimeng'enya cha mwisho katika utengenezaji wake imeharibika. Ndiyo maana mabaharia wa zamani waliokaa miezi bila mboga wala matunda walitokwa damu kwenye ufizi, meno yakalegea, vidonda vilivyokwisha kupona vikafumuka, wakafa kwa kiseyeye. Mwaka 1747 daktari James Lind, ndani ya meli Salisbury ya jeshi la majini la Uingereza, aliwapa wagonjwa wawili wawili tiba mbalimbali. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Kemikali yenyewe ilipatikana baadaye sana. Mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, aliitenga mwaka 1928 akiwa Cambridge, na alipohitaji nyingi zaidi aliipata kwenye pilipili za paprika zinazolimwa kwao Szeged. Mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel.

Miaka 70 ilipita tangu kutengwa kwa kemikali hiyo kabla haijajulikana vizuri mmea wenyewe unaitengenezaje. Mwaka 1998 Nicholas Smirnoff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walieleza njia kuu: mmea huchukua glukosi, ukaibadili hatua kwa hatua kupitia sukari za manosi na galaktosi, mpaka ikawa asidi askobiki, ambalo ndilo jina la kikemia la vitamini C. Kutokana na kujua njia hiyo, ikawezekana kuifunga makusudi ili kuona mmea utafanyaje. Tayari mwaka 1996 watafiti wa Marekani, akiwamo Patricia Conklin, walikuwa wameeleza mmea mdogo wa jamii ya haradali uitwao Arabidopsis ambao kwa hitilafu ya jeni moja ulibaki na takriban asilimia 30 tu ya vitamini C ya kawaida. Ulipowekwa kwenye hewa yenye ozoni uliungua majani haraka kuliko wenzake.

Mwaka 2007 kundi la Exeter likaenda hadi mwisho. Lilizima jeni mbili zinazosimamia hatua moja ya njia hiyo, hivi kwamba mmea usiweze kujitengenezea vitamini C ya kutosha. Mbegu ziliota, ukuaji ukasimama papo hapo, na vijani vya kwanza vikapauka. Miche hiyo ilipopewa vitamini C kutoka nje, ikarudi kukua kama kawaida. Hapo ubishi ukaisha: pasipo vitamini C mmea haukui. Lakini ujumbe wa pili wa jaribio hilo ni muhimu vilevile kwa mkulima. Ilibidi wanasayansi waharibu jeni mbili ndipo waupate mmea usiojitosheleza kwa vitamini C. Mahindi yako, kabichi yako na mchicha wako hazina hitilafu hiyo. Zinajitosheleza.

Sasa, kazi yake ni ipi? Nenda kwenye jani saa sita mchana. Jua linapowaka, kijani cha jani hukusanya nguvu nyingi kuliko mmea unavyoweza kutumia. Ziada hiyo ikikosa pa kwenda huangukia kwenye oksijeni na kuigeuza kuwa oksijeni kali, yenye kushambulia chochote kilicho karibu. Miongoni mwa mazao yake ni haidrojeni peroksaidi, ile ile inayooshea vidonda hospitalini na kubadili rangi ya nywele saluni. Ndani ya seli ya mmea hiyo ni sumu. Kimeng'enya kimoja hutumia vitamini C kuigeuza kuwa maji matupu, kisha vimeng'enya vingine huirudisha vitamini C iliyotumika katika hali yake ya kwanza ili itumike tena. Mzunguko huo, unaofanyika mara nyingi mno kila dakika ya jua, huitwa mzunguko wa Foyer, Halliwell na Asada. Christine Foyer na Barry Halliwell waliandika juu yake mwaka 1976 wakiwa Uingereza, na Kozi Asada wa Japani akafafanua sehemu kubwa ya kazi ya kimeng'enya chenyewe.

Kazi haziishii hapo. Vitamini C husaidia kuwasha kinga ya rangi za manjano zinazolilinda jani na jua kali. Kimeng'enya kinachotengeneza etilini, gesi inayoivisha ndizi na nyanya, hakifanyi kazi bila hiyo. Hata baadhi ya homoni za kurefusha shina zinaitegemea. Mmea hujua kujipangia: jani lililo juani hutengeneza vitamini C nyingi kuliko jani la kivulini, na tunda lililoangalia jua huwa nayo zaidi kuliko lililofichwa na majani. Kwa hiyo mkulima anayepunguzia matawi mti wake wa chungwa ili mwanga upenye ameshaongeza vitamini C shambani bila kununua chochote.

Shida huanza pale mzunguko ule unapozidiwa, na hakuna kinachouzidi haraka kama chumvi. Udongo ukiwa na chumvi nyingi, mizizi hushindwa kunyonya maji hata kama shamba linaonekana kulowa. Mmea huziba matundu ya majani ili usipoteze maji kidogo yaliyomo. Matundu yakizibwa, hewa ya kaboni haiingii, usanisinuru hukwama, na jua halijali. Linaendelea kumwaga nguvu. Oksijeni kali hujazana. Mafuta yanayojenga ngozi za seli huanza kuchacha kama mafuta ya kupikia yaliyosahauliwa juani, seli huvuja, na jani hukauka kuanzia ncha na kingo. Wenye mashamba ya magadi wanaijua sura hiyo: mpunga unaungua ncha kama uliopitiwa na moto, na vipara vyeupe vinaonekana katikati ya jaruba.

Mwaka 2001 watafiti wawili wa Taasisi ya Technion mjini Haifa, Shalata na Neumann, walichapisha jaribio ambalo hadi leo linatajwa kila vitamini C na chumvi vinapozungumzwa. Walichukua miche ya nyanya, mizizi yake ikiwa ndani ya maji yenye virutubisho, wakaitia kwenye maji ya chumvi kwa saa 9. Chumvi ile ilikuwa karibu gramu 17.5 kwa kila lita, yaani kama nusu ya ukali wa maji ya bahari. Hakuna mkulima wa nyanya angethubutu kumwagilia maji ya namna hiyo. Miche ilinyauka yote. Kisha ikatolewa kwenye chumvi na kurudishwa kwenye maji ya kawaida.

Miche ambayo haikupata kitu haikuinuka tena. Ile iliyokuwa imewekewa vitamini C mizizini, kabla na wakati wa chumvi, ilifufuka karibu nusu yake na kuendelea kuishi. Kiasi kilichotumika kilikuwa kidogo ajabu, kama miligramu 88 kwa lita. Watafiti walijaribu pia kemikali nyingine za asili zisizo na uwezo wa kuzima oksijeni kali. Hizo hazikuokoa kitu.

Lakini walipopima ndani ya mimea waligundua jambo ambalo wauzaji wa vichupa hawalisemi. Chumvi iliyoingia mmeani haikupungua kwa maana. Ngozi za seli nazo ziliendelea kuvuja. Kilichopungua ni kule kuchacha kwa mafuta. Kwa maneno mengine, vitamini C haikuondoa chumvi kwenye udongo wala kwenye mmea. Iliupa mmea uhai wa kusubiri mpaka chumvi iondolewe. Watafiti ndio walioiondoa, kwa kubadilisha maji. Mkulima mwenye shamba la magadi akipulizia vitamini C na kuliacha shamba lilivyo, hakuna atakayembadilishia maji.

Baada ya Haifa, majaribio yalimiminika, hasa kutoka Misri na Pakistani, nchi mbili zinazolima kwa umwagiliaji kwenye ardhi inayochumvika. Ngano, mahindi, maharage, nyanya na mazao mengine yalipewa vitamini C kwa njia tatu: kuitia kwenye maji ya mizizi, kuloweka mbegu, na kupulizia majani. Viwango vya kawaida vilikuwa kati ya miligramu 50 na 400 kwa lita. Majaribio mengi yalionyesha nafuu kwenye mimea iliyobanwa na chumvi au ukame, ingawa ukubwa wa nafuu ulitofautiana kwa aina ya mbegu, njia ya kuitia na kiwango. Wengi walipima urefu wa mche, uzito wa mizizi na kijani cha jani. Mkulima huuza magunia. Kati ya mche mrefu kwenye ndoo na gunia la ziada ghalani kuna miezi ya mvua, magugu, viwavi na soko, kwa hiyo matokeo ya kitalu yasisomwe kama matokeo ya shamba.

Njia ninayoiona inafaa zaidi kwa mkulima mdogo ni ya mbegu. Mbegu kavu ina vitamini C kidogo mno, karibu na sifuri. Inapopata maji tu, huanza kuitengeneza kwa kasi. Jambo hili liliokoa watu kabla halijaeleweka kisayansi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Harriette Chick na Margaret Hume wa Taasisi ya Lister mjini London walionyesha kwamba njegere na dengu kavu hazizuii kiseyeye, ilhali zikilowekwa na kuchipua huzuia. Daktari mmoja Mwingereza aliwalisha maharage yaliyochipua askari wa Serbia waliougua kiseyeye, nao wakapata nafuu. Wapishi wa choroko zilizochipua, jueni kwamba chakula chenu kina historia ya vita.

Kwa mmea, siku zile za kwanza baada ya kuota ndizo za hatari kuliko zote. Mzizi ni mfupi, akiba ni ile iliyo kwenye mbegu, na tabaka la juu la udongo ndilo linalokusanya chumvi maji yanapokauka. Mbegu ikiingia ardhini ikiwa na vitamini C kidogo ya akiba, huvuka kipindi hicho kwa urahisi zaidi. Hiyo ndiyo mantiki ya kuloweka.

Hata hivyo, maji peke yake yana kazi kubwa. David Harris wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, na wenzake walifanya kazi na wakulima wa India na Zimbabwe kuanzia miaka ya 1990, wakionyesha kwamba kuloweka mbegu usiku kucha kwenye maji ya kawaida, kuzikausha ngozi kidogo na kuzipanda siku hiyo hiyo huharakisha kuota na kuimarisha mazao katika maeneo makavu. Mahindi hulowekwa kwa saa 12 hadi 18, mpunga hadi saa 24, jamii ya kunde kwa muda mfupi zaidi, kama saa 8, kwa sababu ganda lake hupasuka upesi. Basi mtu anayesema "niliweka vitamini C mahindi yakaota siku mbili mapema" huenda anasifia maji. Jaribio lolote lisilolinganisha na mbegu zilizolowekwa kwenye maji matupu halijathibitisha chochote kuhusu vitamini C.

Na hapa nitoe onyo ambalo sikulikuta kwenye ushauri wowote unaosambazwa. Mbegu za dukani, hasa mahindi, huja zimepakwa dawa ya kuua ukungu na wadudu, ndiyo maana zina rangi nyekundu au ya kijani. Usiziloweke. Dawa itayeyuka kwenye ndoo, mikono yako itaoga sumu, mbegu itabaki bila kinga, na maji yale ukiyamwaga uani kuku watayanywa. Kuloweka ni kwa mbegu ulizojiwekea mwenyewe au zilizouzwa bila dawa.

Kuna mahali pamoja katika kilimo chetu ambapo vitamini C inatumika kila siku na hakuna anayeibishia: maabara za migomba ya tishu. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja, Kenya, kimekuwa kikizalisha miche hiyo kwa miaka mingi, na maabara za Tanzania na Uganda nazo zinafanya hivyo. Fundi huchukua chipukizi la mgomba, hulimenya maganda moja baada ya jingine mpaka abaki na kiini cheupe kilicho kidogo kuliko kidole gumba. Kisu kikipita, jeraha huanza kugeuka kahawia, halafu jeusi, na weusi ule ukiingia kwenye chakula cha chupani hukiua kiini kabla hakijachipua. Ni kemia ile ile inayoitia weusi ndizi mbichi inapomenywa kwa ajili ya mtori. Mama wa Kichaga au wa Kihaya huzitumbukiza ndizi kwenye maji yenye limau. Fundi wa maabara hukitumbukiza kiini kwenye maji yenye asidi askobiki, au huitia kwenye chakula cha chupa. Ngozi ya seli imekatwa, oksijeni imeingia, na vitamini C inaizuia isilete madhara. Ni shida ya muda mfupi, katika sehemu ndogo, inayojulikana chanzo chake. Vitamini C hushinda vita vya namna hiyo.

Shambani hushindwa upesi, kwa sababu yenyewe ni dhaifu. Mwanga huiharibu, joto huiharibu, maji yenye magadi huiharibu, na madini ya chuma na shaba huiharibu haraka kuliko yote. Ukiimwaga ardhini, chuma cha udongo mwekundu na vijidudu vitaimaliza kabla mizizi haijafaidi. Anayetaka kuipulizia na aiyeyushe kwenye maji safi, ikiwezekana ya mvua, aitumie siku hiyo hiyo, jioni jua likiwa limepoa. Asiichanganye kabisa na mrututu au dawa nyingine za shaba zinazotumika kwenye kahawa na nyanya: shaba huila vitamini C na katika kuila huzaa oksijeni kali zaidi, yaani kile kile ulichotaka kukizima.

Vipimo navyo vinahitaji mkono mwangalifu. Bomba la lita 16 kwa kiwango cha miligramu 100 kwa lita linahitaji gramu 1.6 tu ya unga halisi wa asidi askobiki, chini ya nusu ya kijiko cha chai. Kuongeza bila kipimo si kuongeza faida, maana baadhi ya majaribio yameonyesha kwamba kiwango kikizidi ukuaji hudumaa. Mmea hutumia kiasi kidogo cha oksijeni kali kama kengele ya hatari. Ukiizima kabisa, kengele hailii. Ile mimea ya Arabidopsis yenye upungufu wa vitamini C, pamoja na udogo wake, ilionekana kustahimili baadhi ya bakteria wa magonjwa kuliko mimea ya kawaida, kwa sababu kinga yake ilikuwa macho muda wote. Mwili wa mmea una mizani yake, na anayeuvuruga bila kujua anacheza na zao la msimu mzima.

Vidonge vya kutoa povu ndivyo vinavyonisikitisha zaidi. Kile kinachochemka kwenye glasi ni magadi soda, yenye sodiamu, pamoja na sukari au vitamu, rangi na ladha ya chungwa. Mkulima mwenye shamba lenye chumvi, akitafuta dawa ya chumvi, anaishia kupulizia chumvi nyingine juu ya majani. Vidonge vya kutafuna vya watoto vina sukari inayoalika ukungu. Kama ni lazima, tumia unga halisi usiochanganywa na kitu.

Halafu kuna njaa. Andika kanuni ya vitamini C kwenye karatasi: kaboni 6, haidrojeni 8, oksijeni 6. Basi. Hakuna naitrojeni ndani yake, hakuna fosforasi, hakuna potasiamu, hakuna zinki. Mahindi yaliyogeuka manjano kuanzia majani ya chini yanalilia naitrojeni, na hata ukiyaogesha kwa vitamini C asubuhi na jioni yatabaki manjano. Mche uliogeuka rangi ya zambarau katika udongo baridi unalilia fosforasi. Kaboni, haidrojeni na oksijeni mmea huvipata bure kutoka hewani na kwenye maji. Mwenye fedha ya kununua kitu kimoja tu msimu huu anunue mbolea inayofaa udongo wake, au asogeze samadi shambani.

Kuhusu chumvi yenyewe, wala tusijidanganye kwamba ni tatizo la Misri na Pakistani pekee. Bonde la Pangani lina mashamba ya umwagiliaji yenye magadi, skimu ya Lower Moshi ikiwamo. Delta ya Rufiji inapandwa na maji ya bahari, na huko Pemba bahari imeingia kwenye mabonde ya mpunga ambayo wazee walilima bila wasiwasi. Kenya ina udongo wa namna hiyo kwenye baadhi ya skimu za nyanda kavu. Dawa za ardhi hiyo zinajulikana: kupima udongo kwanza, kuchimba mifereji ya kutolea maji na si ya kuingizia tu, kuosha chumvi kwa maji matamu pale yanapopatikana, kutia jasi kwenye udongo uliojaa sodiamu, kuongeza samadi na mboji, kuchagua mbegu zinazostahimili, na kujenga tuta pale bahari inapopenya. Kituo cha Mlingano, Tanga, cha taasisi ya utafiti wa kilimo ya Tanzania (TARI), ndicho kitovu cha utafiti wa udongo Tanzania. Vitamini C inaweza kuketi mwishoni mwa orodha hiyo, ikiwa msaada kwa mche mpaka kazi nyingine zikamilike. Ikitangulizwa mbele ya yote, inapoteza msimu.

Wapo wanasayansi waliochagua kuuongezea mmea uwezo wa kujitengenezea vitamini C nyingi zaidi badala ya kuipulizia. Mwaka 2009 kundi la Chuo Kikuu cha Lleida, Hispania, lilitangaza mahindi yaliyobadilishwa jeni kutoka kwenye aina ya mahindi meupe ya Afrika Kusini. Punje zake zilikuwa na vitamini C mara 6 ya kawaida, pamoja na ongezeko kubwa la viini vya vitamini A na folati. Hayo yalilenga afya ya mlaji kuliko ukuaji wa mmea, na mbele yake kuna mjadala wa sheria za jeni ambao kila nchi yetu inauendesha kivyake. Nayataja kwa sababu yanaonyesha mwelekeo ninaouamini zaidi: nguvu iliyo ndani ya mbegu hudumu msimu mzima, ilhali iliyopuliziwa juu ya jani huisha kwa siku chache.

Kinachokosekana kwetu ni majaribio ya mashambani, kwenye majaruba yetu yenye magadi, kwa mbegu zetu, yanayofuatilia zao mpaka kwenye mizani. Hiyo ni kazi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, TARI na vyuo vya jirani, nayo si ya gharama kubwa: unga wa asidi askobiki ni rahisi na majaruba yapo. Wizara za kilimo ziwape wanafunzi wa shahada za uzamili fedha kidogo kwa ajili hiyo. Bila majibu hayo, wauzaji wa busta wataendelea kujibu wao.

Nawe mkulima, ukishawishiwa kununua kichupa, mwulize muuzaji kimesajiliwa wapi. Nchini Tanzania mbolea na visaidizi vyake viko chini ya mamlaka ya udhibiti wa mbolea, TFRA, na viuatilifu viko chini ya mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA. Ukiamua kujaribu mwenyewe, tenga matuta matatu yanayofanana kwenye udongo ule ule. La kwanza panda mbegu kavu, la pili mbegu zilizolala kwenye maji matupu, la tatu mbegu zilizolala kwenye maji yenye miligramu 100 za vitamini C kwa lita. Yape matuta yote mbolea sawa na maji sawa, vuna kila moja peke yake, pima kwenye mizani. Kama tuta la tatu halikuzidi la pili, fedha yako ibaki kwenye samadi na mbolea.